Longonot na damu ya Kedong

Siku za mapumziko, magari na matatu huteremka ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu, yakiwa yamebeba vijana wa Nairobi wanaokwenda kupanda Longonot na kurudi jioni. Njiani huliacha kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, wengi wao bila hata kusimama.

Mlima wenyewe hauhitaji kupigiwa debe. Una urefu wa mita 2,776, na hifadhi ya taifa inayouzunguka, iliyoanzishwa mwaka 1983, ina eneo la kilomita za mraba 52. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita tatu na ushee za vumbi la majivu linaloteleza, na mzunguko wa ukingo unazidi kilomita saba. Chini shimoni umeota msitu, na kutani mvuke bado unafuka. Mlipuko wa mwisho unakadiriwa kutokea miaka ya 1860, ila asikudanganye mtu kwamba mlima umekufa: vipimo vya setilaiti vilionyesha kuwa kati ya 2004 na 2006 uliinuka kwa takriban sentimita 9. Joto la ardhini la aina hiyohiyo, jirani pale Olkaria, limekuwa likizalisha umeme tangu 1981.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa katika safari yake ya 1883 hadi 1884 na wapagazi wa pwani, alipanda hadi ukingoni na baadaye akaandika kwamba shimo lile lilimvuta hata nusura ajirushe ndani. Wageni wengi husimulia kisa hicho. Mimi naona kisa kikubwa zaidi kiko chini, katika bonde la Kedong.

Novemba 1895, msafara wa chakula wa serikali ya Waingereza ulikuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine. Wapagazi walikuwa Wakikuyu na Waswahili. Walipofika Kedong waligombana na Wamasai, na kwa maelezo ya wakati ule wapagazi ndio waliochokoza. Wamorani, yaani vijana wapiganaji wa Kimasai, waliwashambulia, wakaua watu zaidi ya 500. Mfanyabiashara Mwingereza, Andrew Dick, aliyekuwa karibu, alichukua bunduki kwenda kulipiza kisasi. Aliwapiga risasi Wamasai kadhaa kabla naye hajauawa. Ajabu ni hukumu iliyofuata: uchunguzi wa serikali uliwaona wapagazi kuwa ndio wenye makosa, na Wamasai hawakupelekewa jeshi la kuwaadhibu. Waingereza walikuwa bado dhaifu katika nchi hii, na njia ya Uganda ilipita katikati ya malisho ya Wamasai. Huruma haikuwa na nafasi kubwa hapo.

Reli ilipokwisha kupita, hesabu ilibadilika. Mwaka 1904 Olonana na viongozi wenzake wa Kimasai walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamasai kwenye malisho ya bonde, Naivasha ikiwemo, ili walowezi wapate ardhi kando ya reli. Waligawanywa kati ya Laikipia na kusini, wakaahidiwa kuwa makubaliano hayo yatadumu maadamu Wamasai wapo. Yalidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 uliwaondoa Laikipia nako, na kesi waliyofungua kuupinga ilitupwa mwaka 1913.

Kwa hiyo unapotazama kutoka ukingoni mashamba yaliyopimwa yakielekea Ziwa Naivasha, unatazama matokeo ya mikataba hiyo, na wala si mandhari tu. Walimu wanaowaleta wanafunzi hapa huwafundisha majivu na miamba, na wanafanya vizuri, lakini somo la Kedong ni la lazima pia.

Ukienda, anza kupanda asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, beba maji ya kutosha kwa kuwa juu hakuna, na ukimaliza kupiga picha za shimo, geuka utazame Kedong.