Makaa Yakiacha Kutoa Moshi, Ndio Uanze Kuogopa

Kila baridi ya Julai ikifika Nairobi, habari ni ile ile. Watu walilala na jiko ndani, asubuhi hawakuamka. Halafu mtaani utaskia, "Walikosa hewa." Hiyo lugha imenichosha, juu hii kitu ilishaelezwa zaidi ya miaka 150 iliyopita, na si ati hewa iliisha. Unaweza kufa hivyo ukiwa kwa nyumba yenye oksijeni ya kutosha.

Kwanza tuelewane kuhusu damu. Kwa seli nyekundu kuna protini inaitwa himoglobini. Ichukulie kama matatu ndogo yenye viti vinne. Kila kiti kinaitwa hemu, na katikati yake kuna atomu moja ya chuma. Oksijeni inapanda kwa mapafu, inashikilia hiyo chuma, inashukia kwa misuli na ubongo. Safari inaendelea hivyo maisha yako yote.

Sasa kuna abiria mwingine, kaboni monoksaidi. Anatoka kwa makaa yanayoungua bila hewa ya kutosha. Hana rangi, hana harufu, na anashika chuma ya hemu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Akikaa, kumshusha ni kazi. Mbaya zaidi, akikalia kiti kimoja, oksijeni iliyo kwa viti vingine nayo inang'ang'ania kushuka. Damu imejaa, lakini ubongo unalala njaa.

Mfaransa Claude Bernard ndiye aliona hii mambo miaka ya 1850. Wanyama waliouawa na hiyo gesi walikuwa na damu nyekundu kabisa, hata kwa vena, ambako damu hufaa kuwa imekolea weusi kiasi. Akaelewa kwamba gesi imefukuza oksijeni na kukaa mahali pake.

Lakini mtu wangu hapa ni John Scott Haldane, Mskoti. Mwaka wa 1895 alijifungia na hiyo gesi akaivuta mwenyewe, huku akipima damu yake, mpaka zaidi ya nusu ya himoglobini yake ikashikwa na hata kutembea ikawa shida. (Usijaribu. Huyo mzee alikuwa kichwa ngumu.) Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe ukalipuka Tylorstown, Wales, ukaua watu 57. Haldane akaenda kuangalia maiti. Wengi hawakuwa wameuawa na mlipuko wenyewe. Ngozi zao zilikuwa za waridi, kama watu wenye afya tu waliolala. Gesi ndiyo iliwamaliza.

Akapendekeza wachimbaji washuke na wanyama wadogo, panya ama ndege wa kanari, kwa sababu wanapumua haraka na gesi inawaangusha kabla ya binadamu. Kulikuwa hata na tundu lenye mtungi wa oksijeni juu yake, ndege akianguka anafufuliwa. Uingereza ilitumia kanari migodini mpaka 1986.

Hapa kwetu hatuna kanari. Tuna imani kwamba makaa yakishashika vizuri na moshi ukaisha, jiko liko salama kuingizwa ndani. Mimi naona hiyo ndiyo inaua watu, kuliko hata umaskini tunaoulaumu. Moshi ni kelele, unakuamsha ukikohoa. Hii nyingine haikuambii kitu.

Na maziwa je? Maziwa yanaenda kwa tumbo. Chuma iko kwa damu. Hayakutani. Kinachomshusha huyo abiria ni oksijeni nyingi ya kumsukuma: kwa hewa ya kawaida nusu yake inachukua kama masaa 4 hadi 5 kutoka, kwa oksijeni safi ya hospitali ni kama saa moja na kitu. Kwa hivyo ukimpata jirani amezirai kando ya jiko, fungua mlango, mtoe nje, mkimbize hospitali. Maziwa wachia chai.