Kura Kwanza, Hesabu Baadaye

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kilianza kulinganisha mbolea za ngano mwaka 1843. Kufikia 1919 madaftari yalikuwa yamerundikana, akaajiriwa Ronald Fisher, mwanahisabati wa miaka 29, ayachambue. Tatizo halikuwa hesabu. Kila kipande cha shamba kilipewa mbolea ileile mwaka hadi mwaka, basi nani angejua kama mavuno yameletwa na mbolea au na udongo wenyewe? Fisher akasisitiza kwamba vipande vigawiwe mbolea kwa kura, tena kabla ya kupanda. Hapo ndipo mtakwimu alipoacha kuwa karani wa kujumlisha, akawa na kiti mezani tangu utafiti unapopangwa.

Kutoka shambani, kura ikaingia wodini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa ya streptomaisini ilikuwa adimu Uingereza, haiwatoshi wagonjwa wote wa kifua kikuu. Mtakwimu Austin Bradford Hill akautumia uhaba huo. Aliandaa bahasha zilizofungwa, kila moja na kadi ndani: S kwa atakayepata dawa, C kwa atakayepumzishwa kitandani tu. Daktari hakuijua kadi mpaka mgonjwa awe amekwisha kukubaliwa, hivyo hakuweza kumpendelea mtu. Baada ya miezi 6, kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa walikuwa wamekufa 4. Kati ya 52 wasiopewa, 14. Matokeo yalichapishwa 1948.

Afrika Mashariki haikukaa pembeni. Mwaka 1972 majaribio ya kura yaliyofanyika huku yalionyesha kuwa, dawa ya rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwenye tiba, kifua kikuu chaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya 18.

Kisha zikaja kompyuta, programu ya takwimu iitwayo R ya Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, New Zealand, na mafuriko ya data za jeni. Jina la kazi ya mtakwimu likabadilika: mwanasayansi wa data. Lakini chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, wakiwemo wa Kilifi, Korogwe na Bagamoyo, nani apate chanjo ipi bado iliamuliwa kwa kura. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021.