Kumhoji Mtu Usiyemwona Uso

Mwaka 1925 Margaret Mead alipanda meli kwenda Samoa kuwasikiliza wasichana wa huko. Mwaka 2004 mwanaanthropolojia Tom Boellstorff, aliyekwishafanya utafiti Indonesia, aliketi mbele ya kompyuta akaingia Second Life, ulimwengu pepe uliofunguliwa mwaka 2003. Humo alijiita Tom Bukowski, akawa na nyumba aliyoiita Ethnographia, akawakaribisha wakazi kwa mahojiano.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Nilifundishwa kwamba mhojaji hutazama macho, mikono, jinsi mtu anavyomeza mate kabla ya kumtaja marehemu. Boellstorff alikuwa na maneno yaliyochapwa tu, na kimya kati yake. Hakuwatafuta wahojiwa nje ya skrini. Aliomba ridhaa yao humo humo, kwa majina waliyojipa.

Mwaka 2007 Second Life ikaleta sauti. Baadhi ya wakazi wakahofu: sauti ingefichua jinsia, umri, lafudhi.

Hapo kicheko changu kikaisha. Niliwahi kumhoji bibi mmoja ana kwa ana, wanawe wameketi kando. Alinijibu kwa upole jambo ambalo halikuwa kweli, na sote wawili tulijua. Uso ulikuwepo; ukweli haukupata nafasi.

Kitabu cha Boellstorff kilitoka mwaka 2008, kwa jina linalomkumbuka Mead. Tangu nikisome, kabla ya kuwasha kinasa sauti najiuliza kwanza: huyu, ni wapi anaweza kusema?