Mtoto, Dini na Mwenye Shule

Tunapozungumza juu ya uhuru wa dini, mara nyingi tunamfikiria mtu mzima: mkulima anayekwenda msikitini Ijumaa au mfanyakazi anayekwenda kanisani Jumapili. Mtoto hatumtaji. Yeye huhesabiwa kuwa ni wa dini ya nyumba aliyozaliwa, na mjadala huishia hapo. Lakini historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba imani ya mtoto haikuamuliwa na wazazi peke yao. Mara nyingi iliamuliwa na yule aliyemiliki chakula, kitanda na ubao wa kuandikia.

Kabla ya ukoloni suala la kuchagua halikuwapo kwa namna tunavyolielewa leo. Katika jamii zetu za jadi mtoto aliingizwa jandoni au unyagoni, akafundishwa matambiko ya ukoo, naye akawa mtu kamili miongoni mwa watu wake. Pwani, mtoto wa Kiislamu alipelekwa chuoni angali mdogo kujifunza kusoma Kurani. Tusiipambe hali hiyo kwa kusema kwamba ilikuwa ya uhuru. Hata hivyo, aliyemlea mtoto na aliyempa dini walikuwa watu wale wale, ambao walimzika akifa na kumwozesha akikua.

Mambo yalibadilika pale mtoto alipokuwa hana mtu. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya Kiingereza ya Vyuo Vikuu alifika Unguja, na Seyyid Majid akamkabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni ile. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mapadre wa Roho Mtakatifu nao walikuwa wakinunua watoto katika soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1868 wakaanzisha kituo Bagamoyo. Pale watoto walisali kwa kengele, wakasoma kwa kengele, wakalima kwa kengele. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao na kuwekwa katika vijiji vya Kikristo, kwanza hapo hapo Bagamoyo, kisha bara, kama Mhonda mwaka 1877.

Asikatae mtu kwamba watoto hawa waliokolewa katika balaa kubwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873 tu, na waliouzwa kwingine yaliwafika mabaya zaidi. Lakini tuulize swali ambalo vitabu vya misheni havikupenda kuliuliza: mtoto wa miaka minane, aliyenyang'anywa mama yake na hata lugha yake, angeweza kumwambia padre kwamba hataki kubatizwa? Kukataa kungekuwa kumkataa mtu pekee aliyemlisha. Jawabu la baadhi yao tunalijua kwa matendo yao, maana walitoroka. Wengine waliipokea imani kwa moyo wote, wakawa makatekista na walimu hodari. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akawa padre mwaka 1890. Ni makosa kumhesabu mtu kama huyo kuwa chombo tu cha wageni. Ni makosa vile vile kusema kwamba alichagua akiwa mtoto.

Serikali ya Wajerumani ilifuata njia nyingine kwa sababu zake yenyewe. Ilihitaji makarani na maakida, na watu wa pwani hawakutaka kuwapeleka watoto wao kwa wamisionari. Kwa hiyo shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa katika miaka ya mwanzo ya 1890, haikufundisha dini. Waingereza walipokuja walitoa ruzuku kwa shule za misheni, na hivyo sehemu kubwa ya elimu ikabaki mikononi mwa makanisa. Hapo mzazi asiye Mkristo alikuwa na njia mbili: amnyime mwanawe elimu, au ampeleke akijua kwamba huenda atarudi na jina jingine. Wengi walichagua ya kwanza, na pengo la elimu lililotokana na hapo tulilirithi siku ya uhuru.

Ufuate kwa kulinganisha mfano wa Mwalimu Nyerere. Baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, hakuwa Mkristo. Mwalimu alisoma Mwisenge na Tabora, zote shule za serikali, akahudhuria mafundisho ya dini, lakini alibatizwa mwaka 1943, akiwa na miaka 21, mwaka mmoja baada ya baba yake kufariki. Kitanda chake Tabora hakikutegemea ubatizo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali. Dini haikufukuzwa, ilipewa vipindi vyake, kila madhehebu na mwalimu wake. Kilichoondolewa ni uwezo wa mwenye shule kumchagua mtoto kwa dini yake. Nasi tuwe wakweli: shule hizo hizo zilifundisha somo la Siasa, na watoto waliimba nyimbo za Chama bila kuulizwa wanaamini nini. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo tofauti. Mimi sioni tofauti kubwa hivyo kwa mtoto aliyesimama mstarini.

Katiba yetu leo inatambua haki ya mtu kubadili dini yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, tulioridhia mwaka 1991, unautambua uhuru wa dhamiri wa mtoto na unawapa wazazi kazi ya kumwongoza kadiri uwezo wake unavyokua, lakini hautaji umri. Wajerumani, waliokwisha kunyang'anywa koloni hili, walijitungia sheria mwaka 1921 inayompa mtoto wa miaka 14 haki ya kujiamulia dini. Sisi bado tunagawa wanafunzi kwa vipindi vya dini kwa kufuata dini ya wazazi. Kengele ikilia, huyu huingia kwa shehe, yule kwa padre, na mwingine kwa mchungaji. Yule ambaye babu yake bado anatambika, au ambaye hajui bado, aende chumba gani?