Kuteua na Kusimika: Juu ya Kupatikana kwa Wakuu wa Shirika la Afya Duniani

Kitenzi kuteua kimepewa kazi mbili katika Kiswahili cha serikali na cha magazeti. Chama cha siasa kinapompitisha mtu awe mgombea wake, husemwa kimemteua. Na Rais anapompa mtu uwaziri, husemwa amemteua. Katika jambo la kwanza mtu huyo hana madaraka bado, naye aweza kushindwa. Katika la pili madaraka yamekwisha kumfikia. Neno moja, basi, husimama mwanzoni mwa safari na pia mwishoni mwake. Kwa mambo ya nyumbani haidhuru, maana wasikilizaji waijua desturi. Walakini Kiswahili kinapotakiwa kueleza jinsi Shirika la Afya Duniani lipatavyo wakuu wake, upungufu huo hudhihirika mara moja. Kwa kuwa historia ya uchaguzi huo ni historia ya mwendo uliopo baina ya mwanzo na mwisho huo, na ya wale wanaoushika mlango katikati.

Mwendo huo ulijulikana vema katika Usukuma. Mashahidi wake wa vitu wamehifadhiwa Bujora, karibu na Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka mjini Mwanza, katika makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Humo mna jengo la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake ngoma na vifaa vya utawala vya temi mbalimbali. Kwa desturi ya kale ya temi nyingi, mtoto hakumrithi baba yake. Mrithi alitafutwa kwa upande wa mama, miongoni mwa wana wa dada za mtemi. Waliomtafuta ni baraza la wazee walioitwa banang'oma, yaani wana wa ngoma. Shauri lao lilikuwa la siri, na waganga waliulizwa ramli, aghalabu ile ya kuku. Baada ya hayo ndipo yalipofuata mambo ya hadharani: kuvikwa, kukalishwa kitini, na ngoma kupigwa. Aliyekubaliwa na wazee alikuwa hajawa mtemi mpaka amesimikwa.

Wala kazi hiyo haikuwa mbali na afya. Mwili wa mtemi na hali ya nchi vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mvua ikikosekana au maradhi yakizidi, yeye ndiye aliyeulizwa, na mara nyingine alifukuzwa. Hapana budi, kwa hiyo, waliomchagua wachunguze kwa makini, kwa maana walikuwa wakiichagulia nchi tabibu wake. Utawala wa Waingereza uliongeza hatua nyingine, yaani kibali cha serikali, na mtemi asiyekipata hakutambuliwa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa mamlaka ya watemi kwa sheria. Miongoni mwa mabaki yake katika Kiswahili ni neno ikulu: makao ya mtemi yamekuwa jina la makao ya Rais.

Palikuwa na njia nyingine pia, iliyo wazi zaidi. Vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo kwa masimulizi vyatokana na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha, hupimana nguvu uwanjani. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi kwa nyimbo, kwa mbinu, na kwa dawa. Mashindano hayo yaendelea kuonekana Bujora katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni. Hapa hakuna baraza. Watu huamua kwa miguu yao.

Njia hizo mbili, ya siri na ya uwanjani, zafaa kuwekwa kando ya zile za Geneva. Katiba ya Shirika la Afya Duniani ilitiwa sahihi New York mwezi wa Julai 1946, ikaanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948. Kifungu cha 31 kilisema kwamba Mkurugenzi Mkuu huwekwa na Mkutano Mkuu wa nchi zote, kwa jina lililotolewa na Halmashauri ya Utendaji. Maneno hayo yaonyesha usawa, bali kwa miaka karibu 70 usawa huo ulikuwa wa juujuu. Halmashauri, iliyokuwa na watu 18 mwaka 1948, ilipeleka jina moja tu, na Mkutano Mkuu ukalipokea. Hivyo ndivyo walivyoingia Brock Chisholm wa Kanada (1948–1953), aliyekuwa amekwisha kuiongoza kazi ya maandalizi. Marcolino Candau wa Brazili, aliyedumu miaka 20 mpaka 1973. Na Halfdan Mahler wa Denmark (1973–1988).

Nchi nyingi zilishangilia mlangoni mtu ambaye hazikumchagua. Januari 2003 Halmashauri ya watu 32 ilipiga kura mara nyingi kabla ya kumpata Lee Jong-wook wa Korea ya Kusini, aliyemshinda Peter Piot wa Ubelgiji kwa kura 17 dhidi ya 15. Miongoni mwa walioshindwa alikuwamo Pascoal Mocumbi, Waziri Mkuu wa Msumbiji, naye tabibu. Sauti mbili zilitosha kuamua mambo ya dunia nzima, na Afrika ikakosa. Kabla ya hapo, mwaka 1993, Hiroshi Nakajima wa Japani aliporudishwa kwa kipindi cha pili, malalamiko yalienea juu ya namna kura za Halmashauri zilivyotafutwa. Katika miaka hiyo ya 1990 ndipo zilipowekwa sifa za wagombea, na kikomo cha vipindi viwili.

Mabadiliko makubwa yaliamuliwa mwaka 2012 na kuonekana kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Halmashauri ilipeleka majina matatu, na nchi zote zikapiga kura ya siri. Sania Nishtar wa Pakistani aliondoka katika duru ya kwanza. Katika duru ya tatu Tedros Adhanom Ghebreyesus wa Ethiopia alipata kura 133, na David Nabarro wa Uingereza 50. Tedros alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Si ajabu, nchi za Afrika ni nyingi, na mlango ulipofunguliwa kwa wote, wingi huo ulipata uzito ambao haukuwa nao chumbani. Pamoja na uwanja yakaja mambo ya uwanja: ziara za wagombea, fedha za serikali zao, na ahadi. Bagika na Bagalu wasingeyaona kuwa mageni.

Katika kanda utaratibu ulikuwa mwingine. Kifungu cha 52 cha katiba ileile chasema kwamba Mkurugenzi wa Kanda huwekwa na Halmashauri kwa makubaliano na Kamati ya Kanda. Makubaliano hayo yamekuja kumaanisha kwamba Kamati hupiga kura na kutoa jina moja, na Halmashauri humweka mtu huyo. Nani, basi, alikaa katika Kamati ya Afrika? Ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ufaransa, Uingereza, Ubelgiji na Ureno zilikuwamo kwa ajili ya makoloni yao, pamoja na Afrika ya Kusini. Matokeo yalifuata wapiga kura: mkurugenzi wa kwanza Brazzaville alikuwa François Daubenton wa Afrika ya Kusini, na wa pili Francisco Cambournac, Mreno, aliyekaa mpaka mwaka 1964. Wakulima wa pamba wa Usukuma, wenye malaria na kichocho, hawakuwa na sauti humo. Tanganyika ilijiunga na Shirika mwaka 1962, na nchi huru zilipokuwa nyingi, kiti kikamwendea Alfred Quenum wa Dahomey, iitwayo Benin tangu 1975. Baada yake walifuata Gottlieb Monekosso wa Kameruni, Ebrahim Samba wa Gambia, Luis Gomes Sambo wa Angola, na Matshidiso Moeti wa Botswana, mwanamke wa kwanza, aliyeanza mwaka 2015.

Tarehe 27 Agosti 2024 Kamati ilikutana Brazzaville na kumchagua Dkt. Faustine Ndugulile, Mbunge wa Kigamboni na Naibu Waziri wa Afya wa zamani wa Tanzania. Ilisemwa ameteuliwa, amechaguliwa, ameshinda. Na yote yalikuwa kweli kwa kadiri fulani. Lakini Halmashauri ilikuwa haijakutana. Kikao chake kilikuwa cha Februari 2025. Tarehe 27 Novemba 2024, miezi mitatu kamili baada ya kura, Ndugulile alifariki India alikokuwa akitibiwa.

Hapo ndipo tofauti ya maneno ilipokuwa tofauti ya mambo. Lee alipofariki Mei 2006, alikuwa Mkurugenzi Mkuu. Kiti kikawa wazi, na Anders Nordström wa Sweden akakikaimu. Ndugulile alikuwa hajakikalia. Moeti ndiye aliyekuwa kazini, na muda wake ulipokwisha Chikwe Ihekweazu wa Nijeria alikaimu. Na lililo kubwa zaidi kwa Tanzania: kura ya Agosti haikurithiwa. Katika utemi, mteule akifa kabla ya kusimikwa, banang'oma wangerudi katika ukoo uleule, kwa kuwa kiti kilikuwa cha ukoo. Kiti cha Brazzaville hakina ukoo. Tanzania ilibidi isimame tena pamoja na Côte d'Ivoire, Guinea na Niger, na kuomba upya kile ambacho wengi nyumbani walidhani kwamba kimekwisha kupatikana. Tarehe 18 Mei 2025 kikao maalumu cha Kamati kilichokutana Geneva kilimchagua Profesa Mohamed Yakub Janabi, bingwa wa moyo aliyekuwa akiongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili. Halmashauri ilimweka mwezi uleule, naye akaanza kazi tarehe 30 Juni 2025.

Mambo haya si ya mbali na ziwa. Katika mkoa wa Mwanza, kati ya 1991 na 1994, ulifanyika utafiti ulioonyesha kwamba kutibu vema magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa karibu asilimia 40. Na Kisesa yenyewe imekuwa ikichunguzwa juu ya ugonjwa huo tangu 1994. Maarifa ya namna hiyo huwa amri ya zahanati yakipita mikononi mwa wakuu wa mashirika haya, na kwa sababu hiyo wananchi wana haki ya kuelezwa kwa maneno thabiti jinsi wakuu hao wanavyopatikana.

Kiswahili kina maneno ya kutosha. Kupendekeza lafaa pale jina linapotolewa na wachache kwa ajili ya kura ya wengi, kama ifanyavyo Halmashauri kwa Mkutano Mkuu. Kuchagua libaki kwa kura yenyewe. Kwa tendo la mwisho limpalo mtu madaraka, kusimika lina sifa ambayo kuteua limeipoteza: halina maana mbili. Na jina mteule, kama katika Rais mteule, limekwisha kujipatia mahali pake palipo sahihi, yaani mtu aliye katikati, ambaye kura imempata na kiti hakijampata. Hivyo ndivyo alivyokuwa Ndugulile kwa miezi mitatu. Wahenga walisema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Hawakusema lolote juu ya nazi iliyochaguliwa na kuanguka kabla ya kufika kikapuni. Kazi ya kutaja hatua hiyo imebaki kwa watunga kamusi.