Mahame katika Mashairi: Kutoka Kambi za Jangwani hadi Majumba ya Pate

Msomaji anayeanza kusoma mashairi ya Waarabu wa zama za Jahiliyya hushangazwa na jambo moja. Mashairi hayo yametungwa na watu wa makabila mbalimbali, lakini mengi huanzia mahali pamoja, napo ni penye mahame. Mshairi anapita jangwani juu ya ngamia wake. Anaona mafiga matatu yaliyosawijika kwa moshi na alama ya mfereji uliochimbwa kuzunguka hema. Anapatambua, anasimama na kulia. Waarabu wameyaita mabaki hayo al-atlal.

Tumechagua kuyafuata mahame hayo kwa sababu yanakusanya mambo manne yasiyokosekana katika ushairi: maumbile, nasaba na makazi, mapenzi na mauti. Na swali letu ni hili: Uislamu ulipokuja, uliyafanya nini machozi hayo?

Kwa nini mshairi alisimama?

Waarabu wa jangwani waliishi kwa kufuata mvua. Mvua ikinyesha, koo mbalimbali hukutana penye malisho mamoja, na vijana wa huku na wa kule hujuana. Maji yakikauka, mahema hung'olewa na kila ukoo hushika njia yake. Kwa hiyo mvua na kiangazi havikuwa mapambo ya shairi, bali ndivyo vilivyowakutanisha watu na kuwatenganisha. Anayelilia mahame humlilia mpenzi aliyehama, huwalilia jamaa waliokuwa pamoja, na ndani yake hujililia mwenyewe, kwani umri nao unahama.

Ibn Qutayba (aliyefariki mwaka 276 H / 889), katika kitabu chake ash-Shi'r wash-Shu'ara, ameeleza mpangilio huu: mshairi huanza kwa mahame, kisha humtaja mpenzi, kisha safari na taabu zake, ndipo afike kwenye sifa anayoikusudia. Mifano mashuhuri ni zile kasida zinazoitwa Mu'allaqat. Ama habari kwamba zilitundikwa katika Al-Kaaba, an-Nahhas (aliyefariki mwaka 338 H / 950) aliikataa, na watafiti wengi wamemfuata.

Labid bin Rabi'a

Miongoni mwa watunzi wa Mu'allaqat ni Labid bin Rabi'a wa Banu Amir, naye ndiye shahidi wetu mkubwa kwa kuwa aliishi zama zote mbili. Katika kasida yake, mafuriko yanafukua alama za makazi mithili ya kalamu inayohuisha maandishi yaliyofifia. Mimea imeota, na swala wamezaa pale watu walipokuwa wakilala. Hapa msomaji aangalie vizuri. Maumbile hayamwonei huruma mshairi wala hayamchukii. Yanaendelea kuzaa, naye anayauliza mawe yasiyojibu.

Alipokosa jibu kwa mawe, mtu wa Jahiliyya aligeukia kabila. Labid naye anamalizia kasida yake kwa kuwasifu jamaa zake, ukarimu wao na uaminifu wao. Kabila lilikuwa ndio makazi yasiyobomoka, maana mtu hufa na jina la ukoo hubaki. Lakini kabila nalo halikuzuia mauti. Ndugu yake Labid kwa upande wa mama, Arbad, aliuawa na radi, na Labid akamtungia maombolezo ambayo ndani yake watu wanafananishwa na makazi yanayokaliwa leo na kuachwa matupu kesho.

Wengi katika zama hizo waliilaumu ad-dahr, yaani zama zipitazo, kuwa ndizo zinazowaua. Qur'ani imeitaja kauli hiyo na kuikanusha katika Suratul Jathiya (45:24), na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim imekatazwa kuzitukana zama, kwa kuwa anayezigeuza ni Mwenyezi Mungu.

Labid alifika Madina na ujumbe wa watu wake na akasilimu, kama ilivyopokewa, mwaka 9 H (630). Mtume (s.a.w.) alilisifu neno lake kuhusu kutoweka kwa kila kisichokuwa Mwenyezi Mungu, akalihesabu kuwa la kweli zaidi kupata kusemwa na mshairi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Baadaye Labid alihamia Kufa. Imepokewa kwamba Khalifa Umar alipotaka asomewe mashairi yake mapya, Labid aliandika Suratul Baqara na kusema kuwa Mwenyezi Mungu amempa hiyo badala ya mashairi.

Wapo wanaokitumia kisa hiki kudai kuwa Uislamu uliunyamazisha ushairi. Dai hilo halisimami. Hassan bin Thabit, Kaab bin Malik na Abdullah bin Rawaha waliendelea kutunga mbele ya Mtume (s.a.w.), na mwisho wa Suratush Shu'araa (26:227) unawatoa katika lawama washairi walioamini na kutenda mema. Imam Shafi'i amelifupisha jambo hili: ushairi ni maneno, ulio mzuri ni mzuri na ulio mbaya ni mbaya.

Machozi katika sharia

Sharia haikukataza kulia. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kupasua nguo na kuita miito ya Jahiliyya. Vivyo hivyo kuhusu mapenzi ya nchi. Tirmidhi amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipotoka Makka aliieleza kuwa ni ardhi aipendayo mno, na lau si kutolewa na watu wake asingeiacha. Hadithi hii yatosha, wala hatuhitaji ile kauli maarufu kwamba kupenda nchi ni katika imani, ambayo as-Saghani na wengineo wameihesabu kuwa ya kuzushwa.

Kilichobadilika basi ni swali linaloulizwa penye mahame. Qur'ani mara nyingi inawaamrisha watu watembee katika ardhi watazame mwisho wa waliotangulia. Katika Suratud Dukhan (44:25-29) yanatajwa mabustani na chemchemi walizoziacha watu wa Firauni, wala mbingu na ardhi hazikuwalilia.

Mahame ya Pate

Swali hilo jipya lilifika mpaka kwetu pwani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi kuhusu Pate, mji wa visiwa vya Lamu uliokuwa na utajiri mkubwa kisha ukaporomoka. Kushindwa kwa Pate na washirika wake wa Mombasa katika vita vya Shela, karibu na mwaka 1812, kulizidi kuudhoofisha.

Hatudai kwamba Sayyid Abdallah alimfuata Labid. Lakini tukiziweka kazi hizi mbili pamoja tunaona jambo la ajabu. Kwa Labid, swala wamezaa katika makazi ya watu. Katika Al-Inkishafi, zidaka zilizokuwa na sahani zimekuwa viota vya makinda ya ndege, na popo wamejaa vyumbani. Kote kuwili, watoto wa wanyama wamerithi nyumba za wanadamu.

Tofauti iko kwa anayeulizwa. Labid aliyauliza mawe, kisha akajikinga kwa kabila. Sayyid Abdallah anauuliza moyo wake mwenyewe, na watu wa mji wake hawawi kinga, bali wanakuwa ushahidi: walikuwa na taa, watumishi na heshima, nao wamo makaburini. Kutoka hapo anauongoza moyo hadi kwenye hesabu ya Akhera.

Kwa hiyo anayewafundisha vijana mashairi haya asiwafiche machozi ya Labid kwa kuogopa Jahiliyya, wala asiisome Al-Inkishafi kama historia ya mji mmoja tu. Awasomeshe yote mawili, kisha awapeleke wakayaone magofu ya pwani yetu na kuuliza ni nani walioishi humo, na wako wapi leo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.