Gesi ya mavi ya ng'ombe: serikali zililipia nini?

Lusangi, Kasongo, Kabambare: karibu kila jiko ni la kuni au la makala. Kwa familia zilizokimbia vita, kuni ni shida ya pekee. Mwenye shamba anaokota kwake. Mkimbizi anaokota kwa mwingine, na mara nyingi ni mama au binti anayeingia porini bila kujua nani yuko mbele. Ndiyo sababu habari ya gesi inayotoka katika mavi ya ng'ombe na maganda ya muhogo inawahusu watu wa huku pia. Nchi jirani zimeijaribu karibu miaka 50, na pesa za serikali na za wafadhili zimeingia humo. Matokeo yalitegemea sana kitu kilicholipiwa.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mavi yanachanganywa na maji, kiasi kwa kiasi, yanatiwa katika tangi lisilopitisha hewa. Humo yanaoza, na gesi inapanda juu na kufuata mpira mpaka jikoni. Kilo 25 hivi za mavi ya ng'ombe kwa siku zinatoa gesi ya kupikia saa mbili au tatu. Kinachobaki ni mbolea nzuri kwa shamba. Lakini tangi likikosa kulishwa siku chache, moto unapungua; likipata ufa, gesi inatoka yote, na hapo anatakiwa fundi, si mtu yeyote mwenye saruji.

Tanzania ilianza mwaka 1975, kwa shirika lake la viwanda vidogo, SIDO. Kufikia 1984 lilikuwa limejenga mitambo 120, ya namna ya Kihindi, yenye pipa kubwa la chuma linaloelea juu. Chuma kilikuwa ghali, tena kinashika kutu. Kituo cha serikali cha CAMARTEC, mjini Arusha, pamoja na Wajerumani wa GTZ, kikaleta tangi la matofali na saruji linalofukiwa chini ya ardhi. Bei ikashuka, lakini bado haikuwa bei ya mkulima wa kawaida. Mwaka 2009 programu kubwa ikaanza katika nchi kadhaa za Afrika kwa pesa za Uholanzi, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Mkulima wa Kenya alipewa msaada wa shilingi 25,000 kwa mtambo mmoja, na kilichobaki akakilipa mwenyewe.

Rwanda ndiyo yenye somo zito zaidi, na iko karibu. Mwaka 2001 chuo cha KIST cha Kigali kilijenga mtambo katika gereza la Cyangugu, ng'ambo tu ya Bukavu. Magereza yalikuwa yamejaa maelfu ya watu baada ya 1994. Vyoo vilifurika, na kuni za kupikia umati ule zilikula pesa nyingi za serikali. Kinyesi cha wafungwa kikawa gesi ya jiko lao wenyewe, kuni zikapungua sana, na mwaka 2005 KIST ikapata tuzo ya Ashden huko Uingereza. Watu wengine walicheka, lakini hesabu ilikuwa wazi: aliyefaidika na mtambo ndiye aliyekuwa akinunua kuni. Mtambo ukiharibika, hasara ilimrudia yeye mwenyewe, basi alikuwa na sababu ya kuita fundi.

Mwaka 2007 nchi hiyo hiyo ikaanza programu ya kitaifa kwa ajili ya familia zenye ng'ombe. Msaada ulikuwa franka za Rwanda 300,000 kwa kila mtambo, kiasi kisichofika nusu ya bei, na benki zikakopesha. Mashimo yakachimbwa kwa maelfu. Miaka kumi na kitu baadaye Mkaguzi Mkuu wa serikali akakuta kwamba zaidi ya nusu ya mitambo aliyoihesabu haifanyi kazi. Kuna familia inauza ng'ombe kwa karo ya shule. Kuna nyingine iko mbali na maji. Fundi naye akishalipwa kwa kujenga hana sababu ya kurudi. Msaada ulilipia shimo, haukulipia moto.

Wajerumani walichukua njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2000 ilimhakikishia mwenye mtambo bei ya umeme wake kwa miaka 20. Asipozalisha, hapati kitu. Mitambo yao ya gesi ya taka ikapita 9,000. Pesa hizo zilitoka katika bili za umeme za wananchi, jambo ambalo lingekuwa gumu mahali ambapo wengi hawana bili kwa sababu hawana umeme.

Na kuna Burundi, ambayo ilikuwa na mitambo ya namna hii tangu miaka ya 1980. Vita vya 1993 vilikimbiza wenye nyumba na mafundi pamoja. Sufuria inabebwa kichwani. Tangi la saruji linabaki.

Kongo yetu ina katiba ambayo kifungu chake cha 48 kinataja haki ya maji safi na ya nguvu ya umeme. Sheria ya Juni 2014 ilifungua kazi ya umeme kwa watu binafsi, ikafuatwa na shirika la ANSER la vijijini na Fonds Mwinda, yaani mfuko wa mwanga. Sheria hiyo ni ya umeme. Lakini katika nyumba nyingi za Maniema nguvu inayohitajika kila siku ni ile ya kuivisha sombe na bugali.

Huku ng'ombe si wengi kama Kivu, na mavi ya mbuzi watatu hayatoshi chakula cha familia. Panapofanana na Cyangugu ni hospitali kuu ya Kasongo, au shule yenye wanafunzi wa kulala: watu wengi mahali pamoja, vyoo vinavyojaa, na mtu mmoja anayelipa kuni za kila wiki.